Watoto wa Marehemu Wasimame

Kiminini, 4 Februari 2024

Kwa dada Lenah,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba tangu Jumatatu jogoo wa boma hili amekikalia kiti cha marehemu baba, na hakuna mwanaukoo aliyepinga. Mimi nakaa kwenye ndoo.

Hujambo lakini? Goti je? Huku mimi ni mzima, isipokuwa tumbo. Tangu mke wangu Jepchumba anikimbie, tumbo hili linapikiwa na mimi, na halijaniamini bado. Nikimaliza kula naongea na jogoo. Hajibu, ila angalau hatoki.

Halafu, baba hakuacha wosia, si unajua alivyosema kuandika wosia ni kukiita kifo? Chifu ametoa barua ya kutaja warithi, ya kupelekwa kortini Kitale. Usijisumbue kuja, nitashughulikia.

Mdogo wako,
Wakhungu


Kibabii, 20 Februari 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Goti liko palepale, linatabiri mvua kuliko redio. Pole kwa upishi.

Habari za jogoo umenipa kwa kirefu, za chifu kwa haraka. Nimekulea, Wakhungu, nakujua. Jina langu limo kwenye hiyo barua?

Nauliza kwa sababu shemeji zangu wamekaa wakaamua ati nyumba ya marehemu mume wangu ni ya kwao. Mwisho wa mwezi wa nne niwe nimetoka. Shamba la mahindi siombi. Naomba jiko la mama na kale kakipande kenye mparachichi, mahali nikifika hakuna wa kuniuliza nimekuja kwa siku ngapi.

Dada yako,
Lenah


Kiminini, 11 Machi 2024

Dada,

Nakusalimu nikiwa nimeinama. Jogoo pia anakusalimu, ingawa yeye hainami.

Jina lako halimo. Lakini bana, usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Unakumbuka siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi, wazee wa ukoo walipokaa kuuliza madeni na mali ya baba? Walisema watoto wa marehemu wasimame. Wewe ulikuwa jikoni unasonga ugali wa watu themanini. Nikasimama mimi, karani akaandika aliyemwona, na chifu akafuata karatasi ya wazee. Si kosa la mtu. Ungepika vibaya kama mimi, wangekufukuza jikoni mapema ukahesabiwa.

Mdogo wako,
Wakhungu


Kibabii, 15 Machi 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai u mzima. Barua yako imenifanya nicheke peke yangu mpaka binti yangu Tabby akatoka chumbani kuniangalia. Kumbe mwenye kosa ni ugali!

Nisamehe. Nilishaanza kukuwazia mabaya, nikidhani ni wewe uliyenitoa. Nenda kwa chifu waongeze jina. Mimi nimeanza kufunga vyombo.

Dada yako akupendaye,
Lenah


Kiminini, 29 Mei 2024

Dada Lenah,

Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani. Tabby aliniambia kwa simu kwamba ulikaa na vyombo vimefungwa wiki sita ukingoja neno langu, kisha ukahamia chumba cha kupanga karibu na chuo. Simu zako niliziona zote. Niliitazama simu ikilia.

Jana nilienda kwa chifu. Jina lako limeandikwa, tena juu ya langu, kwa sababu ndiwe mkubwa. Mparachichi ni wako, jiko la mama nimelifagia. Lakini usije kwa ajili ya ile barua uliyonisamehea, maana haikuwa kweli.

Siku ile mzee aliangalia kulia na kushoto, akaniuliza, "Ni wewe tu?" Wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi, moshi nyuma yako. Nilikuona, dada. Niliwaza kwamba mke ameenda, baba ameenda, na shamba likikatwa nitabaki na nini. Nikasema, "Ni mimi tu, mzee." Karani akaandika.

Hukusikia. Ulikuwa ukiniuliza kwa mkono kama unibakishie maini, kabla wageni hawajayamaliza. Nikaitikia kwa kichwa. Ukaniletea kwenye sahani ya mama, ukasimama hapo mpaka nimalize.

Nikala yote.

Wakhungu