Trekta ya Baba Asubuhi ya Baridi

Jumamosi, Saboti. Kumekuwa na baridi ile ya mlimani inayofanya mabati yadondoshe maji kana kwamba mvua imenyesha. Jua limeshapanda.

Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni naandika kwa simu. Baba yuko uani kwenye kiti chake, amesinzia chini ya blanketi. Trekta iko mbele yake.

Bado iko. Nimeiangalia tena kabla ya kuandika hivyo.

Baba alipata kiharusi mwaka jana, nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mguu ukafuata, na maneno yakamwondoka. Akitaka chai anasema "ile, ile." Akitaka blanketi, "ile, ile." Kitu kimoja tu kilibaki kizima: Sala ya Bwana. Akiianza, anaimaliza bila kukwama. Daktari kule Kitale alisema hutokea, kwamba maneno ambayo mtu ameyarudia maisha yake yote huwa yamehifadhiwa mahali pengine kichwani.

Mama hufurahi sana akiisikia. Mimi ilikuwa inaniuma. Nilikuwa najiuliza kwa nini Mungu amwachie Baba maneno ya kuzungumza naye tu, asituachie sisi hata moja.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo. Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayeniangalia usoni.

Trekta yenyewe ni ndogo, ya dizeli. Baba aliinunua Kitale ikiwa imeshatumika. Ndiyo iliyolima shamba letu na mashamba ya majirani. Tangu augue haijawaka hata siku moja. Mimi najua kuiendesha, kwa sababu Baba alikuwa akiniachia usukani katikati ya shamba naye anakaa pembeni juu ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Lakini kuiwasha ilikuwa kazi yake. Sikuwahi kuuliza.

Kila asubuhi Baba hunyoosha kidole hadi tumgeuze aielekee. Anaitazama mpaka jua limfikie miguuni. Kwa hiyo Mjomba Wafula, kaka yake Mama, aliposema atakuja leo na pikapu na kamba kutoka Bumula, sikulala vizuri. Makubaliano yake na Mama yalikuwa mepesi: ikiwaka, inabaki hapa ilime kabla ya mvua. Ikikataa, anaivuta hadi kwake. Mjomba si mtu mbaya. Aliwahi kuiazima kabla Baba hajaugua, na kule Bumula iliwaka bila shida. Anaona tu kwamba hapa kwetu inaoza bure.

Mama alikubali. Alisema, "Kwani nani ataiendesha?"

Nilitaka kusema mimi. Nikamenya viazi.

Lazima nieleze desturi ya hapa nyumbani, maana bila hiyo mambo ya leo hayaeleweki. Baba hakuwahi kuwasha trekta asubuhi bila kusali. Alikuwa anapanda, anavua kofia, na sisi sote tunasimama kila mmoja pale alipo, tunainamisha vichwa na kufumba macho. Anasema Sala ya Bwana polepole. Anasema Amina. Trekta inanguruma. Tangu nikiwa mdogo niliamini hivyo viwili vilishikana, Amina na moshi.

Mjomba anaijua desturi hiyo, na leo aliiheshimu. Alisimama kando ya trekta, akavua kofia, akasali, akapanda, akazungusha funguo kulia. Injini ilizunguka kwa uzito kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Haikushika. Akajaribu tena, na tena, hadi betri ikalegea. Akaleta pikapu karibu, akaunganisha nyaya, akajaribu upya. Moshi mweupe kidogo, kikohozi, kimya.

"Hii kitu imekufa bana," akasema.

Mama alisema, "Si ujaribu tena, Wafula."

"Nijaribu aje tena, dada? Kule kwetu ni kugusa tu, inaimba. Hapa ati mpaka ibembelezwe kama bibi harusi!"

Mama alicheka, halafu akaacha ghafla. Mjomba akaenda kuchukua kamba.

Hapo ndipo Baba alipoanza Sala ya Bwana.

Mjomba alisimama kamba ikiwa mkononi, akavua kofia tena. Mama akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeinama kuokota blanketi la Baba lililokuwa linateleza, na kwa sababu hiyo tu sikufumba macho.

Niliuona mkono wake. Ule wa kushoto, uliobaki na nguvu. Alikuwa ameunyoosha mbele, vidole viwili vimebana kitu kisichoonekana. Alikizungusha upande wa kushoto, akakishikilia hapo. Hakukiachia. Mshipa wa kiganja ulisimama. Sala ilikwenda hadi mwisho, na aliposema Amina, mkono ukageuka kulia kwa haraka.

Kisha akanitazama. "Ile," akasema. "Ile, ile."

Miaka yote hiyo tulikuwa tumefumba macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mkono wa Baba unafanya nini wakati wa sala.

Nilikumbuka mchoro mdogo ulio kushoto mwa tundu la funguo, waya uliojiviringa kama springi. Nilikuwa nadhani ni urembo. Na nilikumbuka somo la fizikia. Injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli. Hewa hubanwa ndani hadi ipate joto kali, na joto hilo ndilo linalowasha mafuta. Sasa injini ikilala usiku kucha kwenye baridi ya mlima, chuma kinanyonya joto lote kabla mafuta hayajashika. Bumula kuna joto, ndiyo maana Mjomba hakuhitaji kitu cha ziada. Hapa kuna plagi ndogo za umeme zinazopaswa kupashwa kwanza, na hizo zinapashwa kwa kuelekeza funguo kushoto na kuishikilia.

Kuelewa kulikuja haraka. Kusema ndiko kulikochelewa.

"Mjomba, naomba funguo."

"Umesema?"

"Funguo. Inaanza kushoto."

"Kushoto hakuna kitu, Nyokabi. Inarudi yenyewe."

"Ndiyo. Mtu anaishikilia."

Alinitazama, akamtazama Mama, kisha akaniwekea funguo kiganjani. "Haya, fundi. Lakini kamba siweki mbali."

Nilipanda. Niliweka gia nyutro, nikakanyaga klachi hadi mwisho, nikavuta mkono wa mafuta hadi katikati. Nikazungusha funguo kushoto. Springi ilinisukuma irudi, nami nikakaza. Kwenye dashibodi kuna kitobo kidogo chenye waya ndani. Ulikuwa mweusi. Baba akaanza sala. Mama na Mjomba wakafumba macho.

Nilikosa subira. Kabla ya Amina niligeuza kulia. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikafa.

Mjomba aliikaza kamba mkononi.

Baba alianza sala upya, toka mwanzo, na nadhani alienda polepole zaidi. Nami nilikitazama kile kitobo. Waya ukawa kahawia, kisha mwekundu hafifu, kisha mwekundu kama kaa la jiko: plagi zimepata moto. Kidole gumba kiliniuma. Nilisubiri.

Amina.

Ilishika. Kwanza kwa kusitasita, mtetemo mzima ukipanda miguuni mwangu, kisha ikatulia na kuunguruma ile sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana. Sikuipa mafuta mengi. Niliiacha ipate joto polepole, kama Baba alivyokuwa akifanya akinywa chai yake.

Mjomba alikunja kamba na kuitupa nyuma ya pikapu. Alipiga boneti ya trekta kwa kiganja, akaniambia, "Haya basi. Jumatatu ulime." Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso. Baba alikuwa anatazama moshi. Hakutabasamu. Chozi lilimtoka jicho la kushoto na hakulifuta, kwa sababu mkono ule bado ulikuwa umeshika funguo isiyokuwepo.

Niliposhuka nilimfungua vidole kimoja kimoja.

Sijui alikuwa anasali au alikuwa ananifundisha. Sijui kama hata yeye anajua. Hatapona kwa sababu trekta imewaka, na nimekaa hapa muda mrefu nikijaribu kukubali hilo. Lakini ile hasira yangu juu ya maneno aliyoachiwa, leo naitafuta na siioni.

Jumatatu alfajiri nitapanda mimi. Baba atasali, Mama atainamisha kichwa. Nami nitakuwa nakitazama kile kitobo hadi kiwe chekundu.

Je, ni vibaya kusali macho yakiwa wazi? Nadhani Baba amesali hivyo miaka yote.