Wivu Wangu kwa Kidonge cha Solange

Siku ya posho, Jumamosi, mu kijiji cha Ngungu. Mvua imenyesha tangu asubuhi na sasa ukungu umeshuka mpaka kwenye bati. Roho yangu iko mbaya. Acha niandike, pengine itatulia.

Niseme wazi: ninaona wivu. Si wivu wa bwana wala wa kitenge kipya. Ninaonea wivu kidonge, kitu cheupe ukubwa wa punje ya mahindi.

Solange ni mudogo wangu, wa tumbo moja. Tangu usichana wake usingizi ulimukamata popote: mu soko, mu misa, katikati ya mistari ya viazi na jembe likiwa mukononi. Wengine walisema ni muvivu, wengine walisema amelogwa. Mimi njo nilikaa karibu naye ili asianguke. Mimi njo nilimushikia mutoto. Kanisani alilala begani mwangu mpaka wimbo wa mwisho, na wamama waliniita dada mwenye huruma. Nililipenda hilo jina kuliko nilivyojua.

Mwaka uliopita nilimupeleka Goma. Docta alisema haiko uvivu, haiko uchawi, ni ugonjwa wa usingizi wenyewe, na iko na dawa ya kumukalisha macho. Maelezo yote yalikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo yalipita kinywani mwangu. Anywe asubuhi, maana akinywa mangaribi atakesha. Kichwa kinaweza kuuma, hamu ya kula inaweza kupungua. Akiota vipele ao moyo ukianza kupiga mbio, arudi kwa muganga haraka. Dawa hii inapunguza nguvu ya ile ya uzazi wa mpango iliyo mu mukono wake, basi aongeze njia nyingine. Na asimupe muntu mwingine hata kipande, sana sana mwenye ugonjwa wa moyo ao wa tansio, presha ya damu.

Nilimutafsiria yote, neno kwa neno. Siku ile bado nilikuwa dada mwema.

Dawa ilifanya kazi, na mimi nikaanza kukauka rohoni. Solange analima mpaka mwisho wa musitari. Anasimulia hadithi, anamaliza. Likilimba yetu, kikundi cha wamama tunaolima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, ilikuwa imemutoa kwa sababu alilala mu shamba za watu. Walimurudisha. Halafu wakamuchagua kuwa prezidanti, kiti nilichokingoja mimi tangu zamani. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu, ili wasinione uso.

Likilimba iko na sheria moja ambayo hakuna anayeivunja: chochote cha kuleta nguvu unachobeba shambani, unagawa. Ndizi, kasiksi ile pombe ya ndizi, hata kipande cha muwa. Anayekula peke yake anasemwa mwaka muzima. Jana zamu ilikuwa ya shamba la Mama Neema. Mutoto wake alikuwa mugonjwa, mama hakulala, na macho yake yalikuwa mekundu. Akamuomba Solange amukatie ile vitamine yake anayoibeba shambani. Kwake ilikuwa vitamine tu.

Solange alinigeukia, akaniangalia. Ninajua macho ya mudogo wangu. Alikuwa ananiuliza kama agawe.

Niliinama nikaendelea kulima.

Akavunja kidonge, akampa nusu. Mama Neema anakunywa dawa ya tansio, Ngungu nzima inajua. Nikasema moyoni: sawa, leo watamuona prezidanti wao.

Kabla ya saa sita Mama Neema aliketi chini, ameshika kifua. Mikono ilitetemeka, alisema moyo unataka kutoka. Tulimubeba na tipoyi, machela ya miti, mpaka santre de sante, kituo chetu cha afya, mabega yetu yakibadilishana, na njia nzima sikuweza kumuangalia Solange. Muganga alikuta tansio iko juu sana. Nilimutajia kile alichokunywa, jina la dawa na yote. Walimukalisha pale mpaka ikashuka, na leo yuko kwake anakunywa uji. Mungu ametuhurumia.

Mangaribi Solange alikuja na pakiti yake.

“Dada, tupa hii mu choo. Heri nilale kuliko niue muntu.”

Niliipokea. Sikuitupa, lakini sikumurudishia. Niliiweka juu ya kabati, nikalala vizuri.

Leo hakunywa. Muchana alikuwa jikoni kwangu tukichambua maharagi, mvua ikipiga bati, na kichwa chake kikaniangukia begani kama zamani. Kizito, chenye joto. Nilifurahi jamani. Niliomba mvua isikatike. Nilikuwa nimempata tena mudogo wangu.

Mutoto wake alikuwa anatambaa. Alifika kwenye mbabula, jiko la makaa, makala mekundu, sufuria juu, na mama yake hakusikia kitu. Nami nilikuwa nimebanwa na kichwa kile kile nilichokuwa ninakipenda. Nilimusukuma Solange akaanguka juu ya gunia, nikamukamata mutoto kwa shati. Kidole chake hakikugusa moto. Ilibaki kidogo tu.

Solange aliamuka, akaona mbabula, akaona mutoto mikononi mwangu.

“Nisamehe, dada.”

Yeye njo aliniomba musamaha. Mimi!

Nikamuambia. Kwamba jana nilimuona akiniuliza, kwamba nilijua, kwamba nilinyamaza kwa wivu. Alirudi kwenye maharagi, akachambua polepole, akitupa mawe mlangoni moja moja. Halafu akauliza pakiti iko wapi. Nikashusha, nikampa. Hakusema asante. Alimufunga mutoto mugongoni akatoka mu mvua.

Kesho ni misa. Asubuhi nitapita kwanza kwa Mama Neema, nimueleze kwa kinywa changu, maana kosa la jana halikuwa la Solange peke yake. Wivu haujaisha, ninausikia hapa hapa ninapoandika. Lakini Solange atakunywa dawa yake, ataketi na macho wazi, pengine benchi ya mbele, mbali na mimi.

Nitajifunza kuimba wimbo wa mwisho bila muntu begani.