Makopo Mawili ya Siri

Shoga, nimeaibika! Nimejifungia chumbani.

Yule ng'ombe wetu, mke wa mwanangu humpimia unga wa mahindi kopo moja tu. Mimi kwa huruma zangu nikawa namwongezea mawili kwa siri.

Leo kalala chini, hata kucheua hacheui. Daktari wa mifugo akasema, "Unga mwingi umechachuka tumboni. Nani kamzidishia?"

Nikanyamaza. Bibi wa wajukuu sita, nikanyamaza!

Mwanangu akamfokea mkewe: "Si nilikwambia upime?"

Mkwe akanitazama, akajibu, "Nilikosea mimi." Alijua, shoga. Alijua!

Ng'ombe kanyweshwa maji ya magadi, kasimama. Mkwe kanigongea mlango, kanipa chai: "Mama, hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

Chai naiweka chini. Natoka nikamwambie mwanangu ukweli, mkewe akisikia.