Majivu Asionekane Akila

Ijumaa, 2 Agosti

Wamempasua Majivu leo, kwenye meza yetu ya kulia. Mama alitandika nailoni juu yake. Majivu ni sungura wangu, wa kijivu, nimemlea tangu anaingia kwenye kiganja. Wiki nzima alikuwa anakojoa damu. Kaka Marcellin, mtoto wa baba mkubwa, anasomea udaktari wa wanyama Bukavu, amekuja vakansi, likizo ya chuo, kwao Kiliba. Alisema kizazi kimeharibika, lazima kitolewe chote. Alisema hivyo kwa furaha. Hajawahi kupasua sungura.

Mimi nilishika miguu. Dawa ya usingizi ilikuwa kidogo — katikati ya kushona Majivu akaanza kuamka. Sikujua kwamba sungura wanalia. Ni sauti kama ya mtoto mchanga. Marcellin hakuharakisha. Anafanya kila kitu polepole, ndivyo walivyomfundisha.

Emery, kaka yangu, alikuwa anapiga picha. Akasema sasa nyumba imekamilika, mmoja hazai na mwingine hasemi. Mwingine ni mimi. Walicheka wote, hata Mama. Mimi niliendelea kushika miguu.

Jumamosi, 3 Agosti

Hajala. Hajanya. Amejikunja pembeni mwa boksi, macho nusu, anasaga meno.

Marcellin aliagiza asipewe chakula tangu Alhamisi, eti tumbo liwe tupu. Leo nimesoma kwenye telefone ya Mama: sungura hanyimwi chakula kabla ya kupasuliwa. Tumbo lake likisimama, linaweza kusimama moja kwa moja. Nilimpigia Marcellin. Mimi, kupiga simu! Alinisikiliza, kisha akaniuliza nimesomea wapi, Bukavu au Kinshasa. Nikasema pardon, nikakata.

Nimetwanga matembele, nimechuja, nimemnywesha kwa seringi isiyo na sindano. Mengi yametoka kando ya mdomo. Nimemsugua tumbo, juu ya uzi, chini ya uzi. Analamba kidonda. Nimekata mkono wa blauzi yangu ya shule, nikamvika kiunoni. Shule imekwisha, blauzi ya nini.

Jumapili, 4 Agosti

Misani niliomba Majivu anye. Watu pembeni yangu wanaombea amani, mimi naomba mavi. Niliona aibu, lakini sikubadilisha ombi.

Jioni — punje! Ndogo, ngumu, zimeshikamana na manyoya kama shanga. Nilipiga kelele. Mimi! Mama alikuja mbio akidhani jiko limeshika moto. Alipoona akacheka, akanishika bega, akasema Mungu amesikia. Kisha Majivu akala jani moja mbele yetu, lote, mpaka kikonyo.

Mama alifurahi sana. Nilidhani anafurahi kwa ajili yangu.

Jumatatu, 5 Agosti

Matokeo yametoka. Nimepata diplome, cheti cha kumaliza sekondari! Asilimia hamsini na nane. Sofia, tuliyekaa naye dawati moja, alikuja kutoka Mulongwe na poda ya mtoto, akanimwagia kopo zima kichwani, kama anavyomwagiwa kila anayefaulu. Majirani wa mtaa wetu mzima wa Rugenge wakaja na zao. Mama alilia. Baba alipiga simu kutoka Kalemie, naye nadhani alilia.

Halafu Mama akapanga sherehe. Ni Jumapili ijayo. Wajomba watatoka Luvungi, na bibi. Akahesabu sahani, akahesabu viti vya kuazima. Akasema:

“Sungura yako iko napona. Tutamupika siku yako. Kitu ya mukono yako, kwa sherehe yako — wajomba watakuheshimu.”

Emery akauliza, na dawa aliyochomwa? Mama akasema amekwisha kumuuliza Marcellin, hadi Jumapili itakuwa imetoka mwilini. Amekwisha kumuuliza. Lini?

Wote walinitazama. Nilikuwa na poda mdomoni. Nikasema asante.

Asante!

Jumanne, 6 Agosti

Kuna kitu kimoja. Mama hali mnyama mgonjwa. Kwao Luvungi baba yake aliwahi kuzika mbuzi mzima kwa sababu alikohoa. Mama anasimulia kila Krismasi.

Basi Majivu asipone. Yaani asionekane amepona.

Nimeamka kabla ya wote. Nimeokota mavi yote — mazuri, ya duara, makavu — nimeyatupa chooni. Matembele nimempa chini ya kitenge. Kisha nimemwambia Mama ameacha kula tena. Ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, na ulitoka laini. Mtu asiyesema sana anaaminiwa.

Jumatano, 7 Agosti

Nilimwomba Sofia amfiche kwao. Akasema: “Kwetu? Ataingia mu sufuria ya kwetu mbele ya kuingia ya kwenu.” Hakuwa anatania. Kwao ni watu kumi na wanne.

Majivu amepata nguvu vibaya. Anaruka, anapiga mguu chini, anataka kutoka. Mama alipopita nilimbana ndani ya kile kipande cha blauzi ili atulie kama mgonjwa. Aliniuma kidole. Nikaendelea kumbana.

Alhamisi, 8 Agosti

Mama amenihurumia. Aliniona nimekaa chini karibu na boksi, akadhani nalia kwa sababu ya ugonjwa. Akampigia Marcellin mwenyewe, kisha akaja kuniambia kama mtu anayeleta zawadi:

“Usilie. Kaka yako atakuja kumufungua tena.”

Marcellin anasema labda uzi umekamata utumbo. Lazima aone ndani. Atakuja Jumamosi asubuhi. Dawa ya usingizi imekwisha, ya Bukavu ni mbali, lakini si kitu. Atakuja na kamba, na Emery atasaidia kushika. Atakuja na wanafunzi wenzake wawili, nao hawajaona sungura akipasuliwa.

Sikuweza kula. Majivu alikula.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilijaribu. Mama alikuwa anachambua mchele wa sherehe. Nikasema, Mama. Akasema, eeh? Nikasema mchele una mawe.

Akasema ndiyo maana anauchambua.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamefika. Niko chumbani, Majivu yuko juu ya kitanda changu. Nimefunga mlango, lakini kufuli haipo, ni kitambaa tu nimekaza.

Nje wanapiga soga. Meza imetolewa uani kwa sababu ya mwanga. Nasikia Emery akiwaonyesha wale wawili picha za Ijumaa ile, na mmoja wao anauliza kama kweli mnyama alilia, na Emery anamwigizia. Wanacheka. Mama anawapa chai. Anamuuliza Marcellin kama akipasuliwa leo nyama ya kesho itaharibika. Marcellin anasema kama ni uzi tu, anatoa, anashona, na kesho ni nyama. Kama ni kuoza, basi ni ya kutupa. Anasema lakini kama mnyama anakula na anakunya, hakuna haja ya kufungua, mzima ni mzima, mumuchinje tu.

Anasema itachukua saa moja hivi. Hapendi haraka.

Emery akichinja kuku ni mkato mmoja. Ananoa kisu vizuri. Kuku hata hajui. Hilo nimeliona mara nyingi, na leo ndiyo mara ya kwanza nalifikiria kama sifa ya kaka yangu.

Mama ananiita. “Dorine, mulete!”

Majivu anatafuna tembele nililompa nilipoingia. Taya zinakwenda upande, upande. Nikitoka naye hivi, sitahitaji kusema hata neno moja. Wataona wenyewe kwamba anakula, na kitatoka kisu cha Emery. Nikingoja ameze, nikimbana kidogo, atalegea kama mgonjwa, na ile kamba iko tayari juu ya meza, nimeiona dirishani. Ni kamba ya kufungia mbuzi.

Nangoja ameze.

“Dorine! Weye iko nafanya nini?”

Amemeza. Ananitazama, pua inacheza. Mtu anavuta kitambaa cha mlango.

Nimempa jani lingine.