Jicho Ambalo Halijapasuliwa

Kawangware, Jumatano jioni

Mwende mdogo wangu, kabla hujaanza kumsomea Mama, keti vizuri, na usiruke mahali hata ukiona pabaya.

Mama yangu mpendwa, ule mkono uliochomwa na sufuria umepona? Mwende aliniambia siku hizi unapapasa meza ukitafuta kikombe, nikakosa hamu ya chakula. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na sitakuficha.

Mwezi jana hospitali ya huko nyumbani walikurudisha, wakasema bima imekataa upasuaji wa jicho la kushoto kwa sababu rekodi zinaonyesha lilishapasuliwa. Ulinipigia simu ukimlaumu msichana wa mapokezi. Mwache, Mama. Hana kosa. Ni mimi.

Unakumbuka ulipokuja mwaka jana nikakupeleka kwa hii kliniki ya macho ninayofanyia kazi, ukapimwa ukapewa dawa ya matone? Kazi yangu pale ni kutuma madai ya wagonjwa kwa bima, kwa kompyuta. Kila ugonjwa una namba yake na kila matibabu yana namba yake; ukikosea, sistimu inakataa. Mtandao ukiwa mzito na foleni imefika nje, hatuanzi dai upya. Tunafungua la mgonjwa aliyetangulia, tunanakili, tunabadilisha jina na matibabu, tunatuma. Sote tunafanya hivyo. Aliyekutangulia alikuwa mzee aliyepasuliwa jicho la kushoto. Jina nilibadilisha. Namba ya upasuaji nikaisahau. Sistimu ikakubali mara moja, na mimi nikafurahi kwamba imepita.

Juzi Jumatatu ndipo nilifungua rekodi yako nikaiona. Achieng, tunayekaa naye meza moja, akavuta kiti karibu akaisoma.

"Nduku, hiyo kitu ishapita, achana nayo. Wakianza kuchimba watapata zingine, na sisi wote tutafutwa twende home."

"Na jicho la mama yangu?"

Akarudisha kiti mahali pake. Ana watoto wawili huko Kibera na ni yeye peke yake anawalea, kwa hivyo simlaumu.

Daktari mwenye kliniki ndiye aliniudhi. Nilimwomba aandikie bima kwamba dai lile lilikuwa na makosa. Hata hakuinua macho. "Unataka nifungiwe kliniki kwa sababu ya mtu mmoja? Si mama yako ana jicho lingine?"

Mama, niliumia. Nilijifungia chooni nikalia, kisha nikapigia bima simu bila kutaja jina. Mwanamke mmoja wa huko akaniambia dai likishakubaliwa halifutwi kwa simu. Kama kliniki haitaki kuandika, basi aliyeliingiza aandike barua, aweke sahihi na namba ya kitambulisho chake.

Leo asubuhi nimeipeleka barua hiyo bima mwenyewe. Nimeandika kwa kifupi kwamba nilinakili nikasahau, na kwamba mama yangu hajawahi kupasuliwa. Wameipiga muhuri. Nakala moja nimeiweka humu, ipelekeni hospitali. Nyingine nilimwekea daktari mezani, maana sikutaka aisikie kwa watu. Baada ya chai ya saa nne nikaandika neno langu la siri, sistimu ikakataa. Nikajaribu tena. Achieng aliinamisha kichwa, nikaelewa wamenifungia, nikachukua sweta yangu nikatoka. Naogopa, Mama. Sijui kama wataishia kunifuta kazi au wataniitia polisi.

Nisalimie mjomba Mutua, yule wa kulinda shule, na shangazi Kavata anayetuombea kila Jumapili. Mwambie wiki hii aombe zaidi.

Sasa nisikilize vizuri. Watu wa bima watakupigia simu wakuulize kama jicho hilo limewahi kupasuliwa. Nakujua. Mbuzi wa shangazi alipopotea nikiwa mdogo, ulisema ni wewe uliyemfungua, kumbe ni mimi. Ukisikia kwamba mtoto wako anaweza kuingia taabani, utawaambia ndiyo, lilipasuliwa, Nduku hakukosea. Tafadhali usiseme hivyo. Ukisema ndiyo, hilo jicho halitatibiwa tena. Waambie hapana. Wakiuliza ni nani aliyekosea, taja jina langu.

Mtoto wako anayekupenda,
Nduku