Pini ya Kushoto

Jumatatu, 1 Oktoba 1934

Gari la marehemu baba limefunguliwa leo. Limepandishwa juu ya magogo uani kwa Fundi Leodegar, nyuma ya soko, magurudumu ya mbele yametolewa. Linaonekana kama mzee aliyeng'olewa meno. Sikupenda kulitazama.

Ugonjwa wake ni wa mbele tu. Springi zimelala, na jani moja limevunjika. Halafu kuna pini mbili, moja kila upande, ambazo gurudumu hugeukia — zote zimelika, na bushi zake pia, yale mabomba mafupi ya shaba pini inamozunguka. Ndiyo maana gari linayumba na usukani unatetemeka mpaka mikono ya mdogo wangu Saif, anayeliendesha, inakufa ganzi.

Fundi ameniambia siku kumi na mbili. Mbona si kumi? Mbona si wiki mbili? Mtu anayetaja siku kumi na mbili ameshapiga hesabu zake mwenyewe.

Mimi nilitaka tumpe yule fundi Singasinga wa mjini. Saif ndiye aliyeng'ang'ania huyu Leodegar wa kutoka Kilimanjaro. Eti ana mkono mwepesi. Mkono mwepesi! Katika biashara ya nguo tunajua mkono mwepesi maana yake nini.

Lakini haraka ninayo. Binti yangu Amna yuko Kisarawe kwa mumewe, mimba ya kwanza, mwezi wa nane unaingia. Kwetu binti huja kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake. Mkunga amekataza asipande lori, linarusha mno. Na vuli ikianza kile kilima cha Pugu kinakuwa uji. Kwa hiyo ni gari hili, na ni mwezi huu.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimepita uani asubuhi, kama mtu anayekwenda zake. Nikahesabu majani ya springi. Juzi yalikuwa saba kila upande. Leo upande mmoja saba, upande mwingine sita!

Nikamuuliza fundi, kwa upole. Akasema lile lililovunjika liko kwa mhunzi mtaa wa Gerezani, linatengenezwa upya. Hakushtuka. Hakuacha hata kufuta mikono.

Nimekwenda Gerezani kwa miguu, jua la saa saba. Jani lipo. Liko motoni, mhunzi analivukutia, na amelitaja jina la Leodegar kabla sijamuuliza.

Sawa. Ila alijuaje kwamba nitakwenda kuhakikisha?

Ijumaa, 5 Oktoba

Baada ya swala nimepita tena. Saif alikuwepo, amekaa juu ya debe, anacheka na fundi na msaidizi wake, yule Kasmir mwenye kovu shingoni. Nilipoingia wakanyamaza wote watatu. Halafu Leodegar na Kasmir wakasemezana kidogo kwa lugha ya kwao. Maneno manne, matano. Kasmir akaenda kufunika kitu kwa gunia.

Nikaondoka, nikarudi kama nimesahau mwavuli. Chini ya gunia palikuwa na chungu cha maharage.

Njiani Saif ameniuliza — hivi hivi tu, anatazama pembeni — kama sijawahi kufikiria kuliuza gari. Eti limezeeka, na yeye angeweza kutafuta mtu. Nikamwambia baba hakuliacha liuzwe. Akasema, "Haya kaka, nimeuliza tu." Hajawahi kuuliza tu tangu azaliwe.

Nadhani nimeshaona mchezo. Gari litengenezwe ovyo, likatae, nichoke, niliuze kwa bei ya chuma. Halafu mnunuzi atakuwa nani?

Jumatatu, 8 Oktoba

Pini mpya zimefika. Zimekerezwa na mtu mmoja mwenye mashine, maana spea za gari hili hazipatikani tena. Nzuri kweli, lazima niseme. Zinang'aa, nene kama kidole gumba, urefu wa kiganja. Mapacha. Nimezishika moja moja, sikuona tofauti.

Fundi anakwangua bushi za shaba. Nimekaa kumtazama saa nzima. Anapaka pini masizi na mafuta, anaitia ndani ya bushi, anaizungusha, anaitoa, anachungulia masizi yamegusa wapi. Anakwangua hapo kidogo, kama mtu anayeparua jani la mgomba. Anarudia. Siku mbili kwa tundu la kidole gumba!

Nikamwambia mbona anachelewa. Akasema, "Bwana Muhiddin, pini na bushi lazima zizoeane. Zikishazoeana, hii haiingii tena kwa mwenzake."

Maneno ya kujinunulia siku. Chuma kinazoeana na chuma?

Mke wangu Azza anauliza kila jioni. Ameshafua shuka, ameshapaka chokaa chumba cha uani. Nimemwambia gari liko mikononi mwa watu nisiowaamini. Akasema mimi siwaamini hata kuku wetu.

Jumatano, 10 Oktoba

Leo nimefanya jambo. Naliandika hapa tu.

Nimefika uani kama saa sita. Fundi alikuwa amevaa koti katika joto lile, anatetemeka, macho mekundu. Homa. Akasema anakwenda kujilaza kidogo. Kasmir akaenda kwa mama muuza chakula. Nikabaki peke yangu na gari.

Pini zilikuwa juu ya meza, ndani ya kitambaa cheupe. Nikafungua. Moja ilikuwa haina kitu. Nyingine ilikuwa na alama kichwani. Mfuo mmoja mdogo wa tupa, mpya, unang'aa.

Nikaisogeza mwangani.

Mimi alama hizi nazijua. Nimekua bandarini nyuma ya baba. Wachukuzi wezi hawafungui robota mbele ya watu. Hupitisha mkaa kidogo kwenye robota walilolichagua, lenye nguo nzuri, na mwenzao akija baadaye anajua ni lipi la kubeba. Baba hakuwa akipiga kelele. Alikuwa anaufuta ule mkaa taratibu, anaupaka kwenye robota la matambara. Wezi wakabeba matambara, na baba akawaamkia kesho yake kwa heshima zote.

Sasa hapa. Pini mbili mapacha, moja imechaguliwa. Bila shaka ndiyo yenye chuma kizuri zaidi, fundi anajua, mimi sijui. Itakwenda kwenye gari la mtu mwingine na mimi nitafungiwa kitu kilicholika, ndani kabisa ambako siwezi kuona.

Tupa ninayo, ile ndogo ya kufuli la duka. Nikaisugua ile alama mpaka ikaisha. Nikaweka nyingine, ileile, kwenye pini ya pili. Nikapaka mafuta na vumbi. Nikafunga kitambaa kama nilivyokikuta, mikunjo ileile. Kasmir aliporudi alinikuta nimekaa juu ya debe, najipepea.

Sasa waibe.

Nimerudi nyumbani na furaha ya ajabu. Nimemnunulia Azza halua. Akaniuliza nimefanya nini.

Ijumaa, 12 Oktoba

Fundi bado yuko kitandani. Kasmir amefunga kila kitu peke yake, jana na leo. Nilikuwepo tangu asubuhi. Sikubanduka hata kwenda kunywa maji.

Pini zote mbili ni zangu! Nimeziona zikiingia kwa macho yangu. Yenye alama ameipeleka kushoto moja kwa moja, bila kufikiri. Iliingia kirahisi mno. Ya kulia ilikataa. Kasmir akaweka kipande cha ubao juu yake akaipiga nyundo, mara nne, mara tano. Akasimama, akajikuna kovu. Akasema angependa kumwuliza fundi. Nikamwambia fundi anaumwa na binti yangu anangoja. Akapiga tena. Ikaingia.

Kwa hiyo mwizi ameshindwa. Au ameogopa, baada ya kuniona nimekaa pale kama askari.

Saif amelizungusha Mnazi Mmoja. Springi zimesimama vizuri, mbele hapachezi tena. Usukani tu ni mzito. Saif anasema ukikata kona haurudi wenyewe, inabidi uuvute. Kasmir akasema labda ni upya, utalegea.

Mimi sina neno. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe sikuibiwa.

Jumamosi, 13 Oktoba

Saif ameondoka baada ya swala ya alfajiri. Atalala Kisarawe, kesho saa kumi na mbili wanateremka na Amna kabla ya jua kali. Saa tatu wawe hapa. Azza ametandika godoro dogo kiti cha nyuma na kuweka mto wa sufi.

Kabla ya kuondoka Saif aliniamkia, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Akasema lile swali la kuliuza gari, kuna rafiki yake alimtuma, na ameshamjibu hapana. Nimemtazama machoni. Nadhani ni kweli. Nimejisikia vibaya kidogo.

Wingu upande wa Pugu. Halijanyesha.

Jumapili, 14 Oktoba. Saa tano asubuhi

Bado hawajafika.

Naandika yote kwa utaratibu.

Saa mbili Leodegar alikuja dukani. Amekonda, macho ya manjano, mtu aliyetoka kitandani leo. Kasmir nyuma yake na baiskeli. Alikuja kuuliza kazi imekwendaje, adabu ya fundi tu. Nikamwambia vizuri, ila usukani mzito.

"Mzito vipi?"

Nikamwambia alivyosema Saif. Haurudi wenyewe.

Akamgeukia Kasmir. Safari hii hawakusema lugha ya kwao. Nilisikia kila neno.

"Uligonga?"

"Ya kulia. Ilikataa, fundi. Nikaigonga na ubao."

"Yenye alama uliiweka wapi?"

"Kushoto. Alama ni kushoto, siku zote. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Leodegar akakaa chini kwenye ngazi ya duka. Akanieleza mimi, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Pini hazikuwa mapacha. Ya kushoto ilitoka kwenye mashine ikiwa nene zaidi, unene wa unywele, na bushi ya kushoto akaikwangua kwa kipimo chake. Ndiyo maana aliitia alama. Kwenye bushi ya kulia itabana. Kwenye mwendo mrefu itapata moto, itavimba, itashika. Tambarare si neno, utasimama. Lakini mtu akiwa anateremka kilima cha Pugu, akakata kona, na usukani usirudi —

Nyuma ya pazia la duka, upande wa nyumba, nikasikia Azza anasema, "Fundi, mwanangu yumo."

Kasmir akaapa kwamba hakukosea. Leodegar akamtazama, halafu akanitazama mimi.

"Bwana Muhiddin, kuna mtu aliyeingia uani siku ile nilipokwenda kulala? Aliyeshika kile kitambaa?"

Nikasema, "Sikuona mtu."

Na ni kweli, sikuona mtu. Nimeirudia kichwani mara mia. Sikuona mtu.

Akasema, "Basi ni mimi. Homa ilikuwa imeshanishika. Nimeweka alama kwenye siyo." Kasmir akataka kusema neno, yeye akamzuia kwa mkono. Akachukua baiskeli, akafunga spana na kile kitambaa cheupe nyuma, akaenda kuwakuta njiani. Mgonjwa vile. Maili ishirini, na nyingi ni mlima.

Nilipaswa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Nenda na Mungu."

Saa nane

Hakuna kitu. Nimetoka barabarani mara tatu. Lori moja la mkaa limepita likitokea Pugu, nikalisimamisha. Dereva anasema aliona watu wamekusanyika mahali kwenye mteremko. Hakusimama, alikuwa amebeba mzigo. Hakuona gari? Hakutazama.

Azza amekaa barazani, kanga kichwani. Nikampelekea maji. Akasema, "Baba Amna, ulisema toka siku ya kwanza. Ulisema huyu si mtu wa kuaminiwa, na mimi nikakucheka." Akanishika mkono. Miaka ishirini na mbili nimeishi na mwanamke huyu na hajawahi kuniambia kwamba shaka zangu zilikuwa na haki.

Anamlaani Leodegar. Anamlaani na mama yake aliyemzaa. Mimi nimesimama pale na tupa iko mfukoni, inanichoma pajani.

Nikasema, "Usimlaani." Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni dhambi tu.

Saa tisa na nusu

Leodegar anakuja. Namwona kwa dirisha hili ninapoandika, ametokea kona ya Msimbazi. Yuko peke yake. Hajapanda, anaisukuma baiskeli, shati lote udongo mwekundu. Sioni uso wake, ameinama.

Mkono mmoja ameshika usukani wa baiskeli. Mwingine ameshika kile kitambaa, nacho kina kitu ndani, urefu wa kiganja. Kwa hiyo amelifikia gari. Ameifungua pini, ameitoa, ameitazama kichwani mahali niliposugua.

Azza ameshuka barazani, anamkimbilia peku. Amepaza sauti kumwuliza Amna yuko wapi. Fundi amesimama. Ameinua kichwa, anatazama huku dirishani.