Tableti Nimeondoka Nayo

Kaka,

Chai iko kwenye chupa. Ukitoka, funga dirisha la jikoni.

Asubuhi nilikuta umeifuta programu yangu ya kuandikia kwenye tableti na kuniwekea yako. "Acha ushamba, mdogo wangu, hii ndiyo ya kisasa." Najua ulitaka kunifurahisha. Lakini ukumbi ninakotetea ripoti yangu leo uko chini ya ardhi, mtandao haufiki, na wasimamizi hutaka usahihishe palepale mbele yao. Basi nikazima intaneti nijaribu. Ya kwako ikanitolea ukurasa mweupe! Nikapakua nyingine mbili. Moja ilivuruga majedwali yote. Ya pili ina sura mbaya kama pasi ya mkaa, ila niliandika sentensi bila intaneti, nikaifunga, nikaifungua, na sentensi ilikuwepo. Nimechagua hiyo pasi.

Bado naogopa. Wakisema "rekebisha hapa" na ule weupe ukarudi, nitalia mbele za watu.

~~Usije, utanitia aibu.~~

Njoo. Kaa karibu na mlango, usiseme neno. Nikuone tu.

Mdogo wako